Toleo la Nne

Toleo la kwanza nililijaribu peke yangu,
chumbani, Mabela, mlango nimeufunga,
kiyoyozi kinanguruma, kinabishana na Julai.
Kasha la dawa: vyumba saba, taa nyekundu,
mlio mkali ifikapo saa ya kidonge.
Likalia. Nikafungua. Likanyamaza.
Kwenye ripoti nikaandika: limefaulu, asilimia mia.

Mwalimu Varghese hakukata kitu.
Ukurasa wa tisa, pembezoni, kwa penseli
(hata wino hakunipa):
"Nani mwingine aliyeligusa?"
Basi. Swali moja, na alama iliyonirudisha nyumbani
ndani ya basi la Mwasalat, kasha nimelipakata
kama mtoto aliyefukuzwa chuoni kabla ya kuhitimu.

Mwamba ngozi huvutia kwake.
Yangu niliivuta mpaka ikachanika
na bado nawaambia watu: sikilizeni ngoma.

La pili nikampelekea shangazi Zeyana.
Ana sukari, ana presha, ana jibu kwa kila kitu.
Nikakaa pembeni na daftari. Sharti la jaribio:
usimwelekeze, usimsaidie, usifumbue mdomo.
Kasha likalia. Shangazi akainuka,
akaenda kuzima mashine ya kufulia.
Likalia tena. Akachungulia tanuri.
Mara ya tatu akampigia simu jirani:
"Gari la Khalfani linapiga kelele, hebu mwamsheni."
Mimi natafuna kalamu.
Dakika kumi na moja, nimeandika.
Hajui kama ni yeye anayeitwa, nimeandika.

Gulfaraz, anayetuletea maji kwa lori la buluu,
vidonge vyake vya moyo huvifunga kwenye gazeti.
Mlio aliutambua mara moja. Kifuniko ndicho kilichomshinda:
kidole chake kimoja kilifunika vyumba viwili,
Jumatatu na Jumanne kwa pamoja.
Akanirudishia kwa mikono miwili,
akasema kwa Kiarabu chake cha barabarani:
"Zuri sana. Kwa watoto."
Hilo nalo nikaliandika. Liliuma kuliko penseli.

Wiki nzima nikakata plastiki, nikaunguza vidole kwa gundi.
Vyumba vikapanuka. Mlio nikautupa,
nikatia sauti yangu: "Shangazi, dawa."

Toleo la tatu likasema. Akaitika, "Labeka!"
Akacheka. Akakaa kitako kulisubiri liseme tena.
Likasema. Akamwita mke wa Khalfani aje asikilize,
wakaliuliza habari za chuo, wakaliuliza litaolewa lini.
Saa nzima kahawa na tende.
Kidonge hakumeza.

Sasa hapo niandike nini?
Jedwali lina safu mbili: ndiyo, hapana.
Amesikia. Ameelewa. Amefurahi, tena sana.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ndiyo,
saa nane usiku, hakuna anayenitazama
isipokuwa kasha.
Nikaandika hapana.

La nne linaanza kwa upole, "Shangazi, dawa,"
kisha "Dawa,"
na asipofungua, jina tupu, kavu: "Zeyana!"
Jina ambalo mdomo wangu haujapata kulitamka hivyo
tangu nizaliwe.
Shangazi alisimama wima.
"Kasha halina adabu hili!"
Akalifungua kwa kishindo, akameza kidonge kwa hasira,
akalifunga, akaligeuza uso wake ukutani.
Dakika mbili na nusu.

Sabini na tisa. Kwa nini si themanini sikuuliza.
Nilikwishalala, ripoti nimeiweka juu ya kabati,
nimejiona nimemaliza,
siku ya tano simu ikalia alfajiri:
"We Ghaniya, lile kasha lako
leo halijanigombeza.
Linaumwa?"

Betri.
Hakuna ukurasa hata mmoja nilioandika kuhusu betri.
Nikatafuta penseli.