Chupa ya Alhamisi

Kila Alhamisi Nambozo hushuka Jinja
na kasha la chupa tupu, na kalamu ya risasi.
Mlinzi keshamzoea: "Daktari wa mfereji, karibu."
Si daktari bado. Ada yake, nusu,
hulipwa na kiwanda hiki hiki
kinachounda mabasi yasiyotoa moshi.

Nyuma ya karakana ya rangi maji yanatoka
na ubuluu hafifu, kama jicho la mbwa mzee.
Anachota. Anaandika saa. Ananusa,
ingawa kanuni yakataza.

"Zinki imezidi," amwambia Mhandisi Isabirye.
"Kiasi gani?"
"Mara tatu."
Mhandisi alitazama basi jipya, jeupe, kimya,
lina nembo ya chuo ubavuni.
"Na ripoti ikingoja uzinduzi upite?"

Ng'ambo ya ukuta, bondeni, kuna magimbi;
mama mmoja anasuuza jembe mferejini,
hana habari ya zinki wala uzinduzi.

Kalamu ya risasi haichujuki majini,
alifunzwa mwaka wa kwanza.
Nambozo akaandika tatu.
Akaikoleza.

Jumatatu ada haikuingia.
Alhamisi, saa mbili, yuko langoni na kasha lake.