Daftari la Oili

Mwangaluka, Mzee Lugusha. Sogeza tochi.
Si hapo, unanimulika machoni. Hapo,
chini ya tapeti kava, palipoota ndevu
za oili na vumbi la njia ya Tumbi.
Naona.

"Inavuja," uliniambia kwenye simu, sauti chini,
kama mtu anayetaja ugonjwa wa siri mbele ya wakwe.
Selika ya mwaka sabini na saba, milango miwili,
wekundu wake umechujuka hadi rangi ya ufizi.
Uliinunua kwa Mgiriki wa tumbaku aliyekuwa anahama,
nusu kwa fedha, nusu kwa madebe ya asali,
na mkeo hakukusemesha tangu Ramadhani hadi Mfunguo Tatu.

Umenipa daftari. Mwandiko wa dereva wa treni,
tarehe zimefuatana kama mabehewa:
*Jumatatu, chini ya alama, nimeongeza nusu kikombe.*
*Alhamisi, chini ya alama, nimeongeza.*
*Jumapili, nimeongeza.*
Miezi saba ya kuongeza, na pembeni, kwa kalamu nyekundu:
*inakwenda wapi?*

Nisikufiche, nilikuja Isevya na jibu mfukoni:
gasketi ya hedi imeungua, hedi iende kwa Nkwabi ikasagwe,
wiki mbili, na bei ya kukukalisha chini.
Nikafungua kizibo, nikitafuta ile chai ya maziwa
inayosema maji yameingia nyumba isiyo yao.
Hakuna chai.
Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa fulana kuukuu ya mwanangu,
nikakirudisha, nikakichomoa tena:
chini ya alama, kama daftari lilivyosema.

Ndipo soketi namba kumi ikaniponyoka.
Haikutulia ilipoangukia. Ilibingirika,
bila haraka, ikakupita miguuni, ikalipita dumu la maji,
ikaenda kujilaza kwenye shina la mpapai.
Tukaitazama wote wawili.

Ua wako una mteremko, mzee.
Si mkubwa, jicho limeshauzoea.
Gari limelala pua juu, mkia chini,
oili yote imekimbilia nyuma ya sampu
kama abiria walioambiwa mlango ni mmoja,
na kijiti, huko mbele, kinaonja ukavu.
Miaka thelathini uliendesha juu ya reli,
juu ya ardhi waliyoisawazisha wengine kabla hujafika.
Nani angekufunza kuishuku sakafu?

Tukalisukuma, mimi, wewe na kijana wa genge,
hadi kwenye lami, mbele ya duka la Mihambo.
Tukangoja. Dakika kumi, na watoto kumi.
Kijiti kikatoka kimelowa hadi shingoni,
vidole viwili juu ya alama.

Haikuwa na njaa hii.
Imeshibishwa mpaka inatapika;
krenki inaikoroga oili, oili inakuwa povu,
povu linatafuta upenyo,
na gasketi iliyokauka kama ngozi ya ngoma
itazuia nini?

Hukucheka. Ulikaa juu ya tairi la akiba,
ukafunga daftari, ukasema:
"Ndivyo nilivyomfanya Mhoja."
Sikuuliza Mhoja ni nani. Nilikuwa chini ya gari,
oili inanitiririkia kiwikoni,
lita moja na robo, nyeusi, ndani ya beseni la mkeo
ambalo tutalijibu baadaye.

Gasketi ya tapeti kava nimeweka mpya.
Bolti nimezikaza kwa mkono tu, kuanzia katikati;
ukikaza kwa hasira unaipasua.
Sili ya nyuma bado inalia kidogo. Iache ilie.
Nimetandika kartoni la sabuni chini yake.
Kesho utakuta doa, pengine mawili.
Usimimine kitu.
Lisukume kwanza hadi kwa Mihambo, lingoje, ndipo upime,
kisha andika: doa moja, ukubwa wa shilingi ya zamani,
na mstari unaofuata
uache mtupu.