Namba Nne

Walirekodi chumba cha pili, tunagawana ukuta,
hapa Maweni, Malindi, wiki ile ya sare za shule.
Mbeyu anaimba, gitaa la Fondo linakwaruza,
mimi nakanyaga cherehani. Oda haingoji mtu.

Leo mteja wangu Mwitaliano kaja na simu:
wimbo uko namba nne kwao, namba mbili Ureno,
Wajerumani wameukariri wasijue maana.

Nikamwambia, rudisha nyuma kidogo.
Kidogo tena. Hapo.
Kabla ya kiitikio, gitaa likinyamaza:
tiki-tiki-tiki-tiki,
halafu kimya.
Uzi ulikatika.

"Mpiga ngoma huyu," akasema, "anajua kuacha nafasi."

Sikumjibu.
Nilikuwa na pini mdomoni,
na suruali yake bado haina pindo.