Kumbukumbu za Kikao cha Nguzo

Kikao kilifunguliwa saa moja na dakika nne za jioni,
ukumbi wa zimamoto, Ostrander, Nebraska,
magari mawili mekundu yametolewa nje kwenye theluji
ili viti vipate pa kukaa.
Mimi ni Marlys, karani. Kazi yangu ni kuandika
kilichosemwa, si kilichokusudiwa.

Ajenda ilikuwa na jambo moja:
kupandisha ada ya kudumu ya umeme
toka dola kumi na nane hadi ishirini na saba kwa mwezi,
uwashe taa, usiwashe,
zinunuliwe nguzo mpya elfu tatu na mia mbili
badala ya zile zilizovunjwa na barafu ya Januari
kama njiti za kiberiti mkononi mwa mtu anayewaza mengine.

Kila mwananchi, dakika tatu.
Saa ya jikoni, yenye umbo la yai, ndiyo iliyotuhesabia.

Bwana Detlef Krumland alisema ana pampu kumi na nne za mahindi,
na nguzo zisiposimama, mahindi hayasimami.
Ada ni ndogo, alisema. Ni haki. Sote sawa.
Yai likalia.

Bi Albina Vavrina alisema: sawa ni neno la mwenye pampu.
Yeye ana balbu nne na redio.
Alisema zile siku kumi na moja za giza
alimfunika mumewe kwa mablanketi, kwa zulia,
mwisho kwa pazia la sebuleni,
na mashine ya kumsaidia kupumua imelala kando ya kitanda
kama mbwa aliyetangulia.
Akauliza: siku hizo kumi na moja, ada mlinitoza?
Meneja akapekua faili.
Akasema, kwa sauti ya chini, ndiyo.
Alikuwa amebakiwa na dakika moja na nusu.
Akaketi nazo.

Eusebio Tzoc, wa kiwanda cha nyama, alisema Kikiche;
binti yake wa darasa la saba akatafsiri,
na neno transfoma likavuka lugha zote mbili bila kubadili nguo.
Nyumba yetu ni ya magurudumu, alisema, tumo wanane,
na mita si yetu.
Mwenye nyumba mtamwongezea tisa,
sisi atatuongezea thelathini.
Kikao hiki kinasikia mpaka huko?
Mwenyekiti alijibu kwamba hilo liko nje ya mamlaka ya bodi.
Nikaandika: nje ya mamlaka.
Siku hizi maneno hayo hujiandika yenyewe.

Kisha akasimama Royce Oltmanns, fundi wa laini,
miaka ishirini na sita juu ya nguzo,
mkono wa kushoto una vidole vitatu.
Akavua kofia. Akashika kipaza sauti.
Hakusema.

Tulisikia yai likihesabu.
Tulisikia jokofu la wazimamoto,
kisha mirija ya taa juu ya vichwa vyetu, ikivuma,
mvumo ambao sijawahi kuusikia miaka yote hii
kwa sababu haujawahi kukoma.
Mtu akakohoa, akajuta.
Bi Vavrina akatazama juu. Krumland naye.
Yai likalia. Oltmanns akavaa kofia yake.

Kura: wanne ndiyo, watatu la.
Ada mpya kuanzia Aprili.
Hoja ya kumrudishia Bi Vavrina
dola sita na senti thelathini na tisa
ilipelekwa kwenye kamati.

Usiku ule nilichapa kumbukumbu kwenye meza ya jikoni.
Nilipofika kwa Oltmanns, vidole vikagoma.
Kanuni zinataka muhtasari wa kila hoja.
“Hakutoa maoni”: uongo.
“Alinyamaza”: kweli, lakini haifiki.
Nikaandika:
R. Oltmanns, dakika tatu. Taa zilikuwa zinawaka.

Mwezi uliofuata mwenyekiti aliuliza kama kuna masahihisho.
Kurasa zikafunuliwa, zikafunikwa.
Zikapitishwa kwa kauli moja.
Nikaandika hilo pia, nikatia sahihi,
kisha nikazunguka hadi dirisha la pili
kulipa bili yangu.