Pengo

Mwakio aliandika ubaoni: NUSU-KIPITISHI,
akapiga mstari chini yake, wino ukakatika.
"Si shaba, si kioo. Kiko katikati.
Ukikipasha joto kidogo, kinaanza kukusikiza."
Feni ya Tudor ilizunguka pole
kama mtu anayekoroga uji asioutaka.
Sisi tulikuwa tumeshapashwa.

Silikoni ana mikono minne, kawashika jirani wanne.
Hana cha kutoa, hana cha kuomba.
Mchomekee boroni mmoja, mwenye mikono mitatu,
na mshiko mmoja unabaki wazi.
"Hilo ni tundu," akasema. "Nalo hutembea.
Nalo lina chaji chanya."
Kadzo, wa kiti cha mbele, akanyanyua kalamu:
"Mwalimu, kisichokuwapo kitatembeaje?"
Darasa likacheka. Mwakio hakucheka.
"Kaulizeni foleni," akasema, akafuta ubao.

Likoni, magharibi, feri moja mbovu.
Lango likafunguliwa kwa watu kumi, likafungwa.
Wa mbele akapiga hatua, akaacha nafasi;
wa nyuma yake akaijaza, akaacha yake;
nikaiona nafasi ikipanda mteremko kuja kwetu,
ikampita mama mwenye kikapu cha mabungo,
ikampita kijana mwenye godoro kichwani,
ikanifika, nikaikanyaga,
ikaenda zake nyuma yangu.
Watu walishuka majini. Nafasi ilirudi mjini.
Nikacheka peke yangu. Askari akanitazama viatu.

Nyumbani kwetu Mtongwe
kaka Fumo aliondoka mwezi wa tano,
kazi ya ulinzi, Doha.
Kitanda chake akakihamia Shali.
Mkeka wa Shali akautwaa Lali.
Pembe ya Lali, karibu na cherehani, nikaweka vitabu vyangu.
Hakuna mahali ungenyoosha kidole
ukasema: hapa ndipo alipokuwa.
Kila mmoja wetu alisogea hatua moja tu,
na lile pengo likatoka chumbani, likapita ukumbini, likavuka ua,
likafika jikoni kwa mama,
atoaye sahani sita, kisha akairudisha moja.
Pale halina tena wa kumpisha.

Chaji chanya, kasema mwalimu.
Kila mwisho wa mwezi simu ya mama hulia: pesa zimeingia.
Labda ndiyo maana yake.
Sijui.

Wiki ya sita, maabara. Daiodi.
Pale P na N wanapokutana
hujijengea ukuta mwembamba wa kuogopana,
na bei ya kuuvuka ni sufuri nukta saba ya volti,
haipungui hata ukibembeleza.
Niliichomeka kinyume. Taa ikanuna.
Nikakagua betri, nyaya, nikamlaumu mtengenezaji.
Kadzo akaichomoa, akaigeuza, bila neno.
Ikawaka nyekundu kwenye kucha zake zenye hina.
Nikamuuliza: na mkondo ukitaka kurudi?
"Huo haurudi," akasema. "Andika, tuna dakika kumi."

Mtihani, swali la pili:
Eleza mwendo wa tundu. Alama tano.
Niliandika lango na mteremko.
Niliandika godoro, mabungo, kila hatua na mshale wake.
Niliandika sahani,
nikaikata kwa rula, mstari mmoja, safi.

Karatasi ilirudi na alama tatu,
na pembeni mwa ule mstari, kwa wino unaokatikakatika:
Umekata kwa nini?