Chai ya Chumvi

Miaka kumi na tisa baba ameendesha lori la makaa ya mawe,
kutoka mgodini hadi mpakani, jangwa la Gobi,
barabara yenye mashimo kama ufizi wa kibogoyo.

Januari hii nilimsimamisha kwenye mwimo wa mlango,
pale alipozoea kunipima kwa kalamu ya risasi.
Amepungua sentimita tatu.
"Mlango ndio umekua," akasema Choijamts, baba yangu,
na mkono wake ukaenda kiunoni
kama wa mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha.

Daktari Nyamsuren alimfunga mkanda mkononi, akabonyeza, akabonyeza:
mia themanini na moja kwa mia na nne.
Kisha akaiweka picha kwenye mwanga.
Kati ya pingili na pingili, palipostahili peupe,
palikuwa peusi, pamebanwa
kama mkate uliokaliwa.

"Nimekuja kwa mgongo. Mbona wanipima damu?"
"Kwa sababu gegedu la mgongo halina mshipa wake.
Ni mpangaji asiye na jiko. Husimama mlangoni kwa jirani,
akingoja mishipa midogo, myembamba kuliko unywele,
impenyezee maji na chembe ya sukari.
Presha ikipanda, mishipa hiyo hukakamaa.
Jirani hufunga mlango.
Huenda ndivyo. Sikuapii; lori nalo lina deni lake.
Ila wewe, mzee, una presha mbili:
moja yakukandamiza toka juu,
nyingine yakusukuma toka ndani."

Wanasema damu nzito kuliko maji.
Nani aliuliza mgongo?

Jioni mama akamimina chai ya maziwa bila chumvi.
Baba akaonja, akalitazama bakuli muda mrefu.
"Hii ni chai ya matanga."
Akainywa. Yote.

Wiki mbili baadaye, chini ya kiti cha lori,
nikakuta soksi imepigwa fundo, nzito.
Nikachovya kidole, nikalamba.
Sikumwambia mama.
Nilimwaga nusu thelujini, nikafunga fundo lilelile,
na Jumapili iliyofuata nikapunguza tena.
Hajasema kitu. Labda anajua.

Usiku hulala chali, mto chini ya magoti.
Jiko linapoa. Mbwa wa jirani amechoka kubweka.
Nami namuwaza yule mpangaji, humo ndani, gizani,
kikombe mkononi,
anapiga hodi,
anapiga hodi.