Chupa ya Chai

Mwanakheri, nakutumia chupa hii ya chai kwa mkono wa Lali.
Usiitie chai.
Tia barafu hadi shingoni, kisha kitambaa, kisha sindano zako,
maana toka Mokowe hadi Mombasa ni jua tupu,
na dawa ile ikipata joto hugeuka maji ya bei ghali.

Umeniuliza utarajie nini.
Wao watakwambia: utafura, utalia ovyo, kichwa kitagonga.
Kweli. Lakini hayo ni ya mwili, na mwili hujua kusahau.
Mimi nitakwambia ya hesabu.

Saa tatu kamili usiku, watu wameshatoka Isha,
utafinya nyama ya tumbo, vidole viwili chini ya kitovu.
Mimi Shekuwe alinishikia tochi, stima imekwenda tena,
na mkono uliotetemeka ulikuwa wake.

Daktari atavipima vifuko vya mayai kwa milimita
kama fundi apimaye fremu ya mlango:
kumi na nne, kumi na sita, hiki bado.
Utaona fahari ya kipumbavu, kama mwenye kuku.
Halafu hesabu itaanza kurudi nyuma.
Yalitoka kumi na moja.
Saba yalikuwa mazima.
Manne yakashika,
na asubuhi ya siku ya tano simu ikasema: mawili.
Hakuna aliyekufa. Hakuna matanga ya kuandaa.
Na bado nilikaa ngazini nikiwa na tisa wa kuwalilia.

Mumeo watampa kikopo na chumba.
Usimcheke. Wangu alitoka huko ameinamisha kichwa
kama mtoto wa chuoni aliyesahau sura;
hatujalizungumza hadi leo.

Mama mkwe atakuletea kombe, zafarani kwenye sahani nyeupe.
Linywe. Nilimwuliza daktari, akasema halidhuru.
Nilimwuliza maalim kuhusu sindano,
akasema maneno yale yale.

Pale kizuizini Gamba askari aliifungua chupa.
"Hizi sindano za nini?"
Basi zima likanyamaza.
Nyuma yangu mama mmoja, simjui,
hata uso sikuuona vizuri:
"Za sukari. Mwanangu huyo. Mwache."
Aliposhuka Minjila alinifinya bega,
pakauma hadi jioni.

Halafu zile siku kumi na nne.
Fungate mbili, nilimwambia Shekuwe, akacheka.
Fungate bila ngoma wala somo:
bibi arusi ni wewe, na mgeni hujui kama amefika.
Utaogopa kukohoa. Utaogopa kuinama ufue.
Matiti yatauma, utasema ndiyo. Yataacha, utasema siyo.
Na watu watakuuliza "Hamna habari?"
katikati ya uchochoro ambamo huwezi kupishana na punda,
seuze na swali.

Yangu ilikwisha siku ya kumi na mbili,
kwenye harusi, Mkomani, chooni kwa watu,
vigelegele nje.
Nilinawa, nikarudi, nikapokea sahani yangu ya pilau.
Nikaila yote.
Sijui kwa nini nakwambia hili.

Lile la pili lipo bado, limelala kwenye baridi kuu huko Mombasa.
Kila mwaka tunalilipia kodi, kama mpangaji.
Usiku wa kusi ukipiga, Shekuwe akifunga dirisha,
husema, "Huko alipo..."
na hamalizii.

Kwa hiyo chupa naikopesha, sikupi.
Kizibo chake kimelegea; kikaze mara mbili.
Ukirudi nayo, ioshe tu,
na usinieleze kitu mlangoni.
Ingia kwanza.